Kabla ya kumpima mtoto, muulize mama amelala kwa muda gani

Mama akiniletea mtoto mwenye usonji (hali ya ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) au mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia ukashindwa kuongoza viungo vizuri) hapa Tanga, nauliza habari za mimba, uzazi na hatua za mtoto kama ilivyo desturi. Kisha namgeukia yeye: usiku unalala?

Msongo wa mama hawa hautegemei sana ukubwa wa ulemavu. Kinachowamaliza zaidi ni tabia za kila siku: mtoto asiyelala, anayejigonga kichwa ukutani, anayetoka mbio mlango ukisahauliwa wazi. Mama mmoja wa Makorora hufunga ncha ya kanga yake kwenye mkono wa mwanawe kila usiku, ili akiinuka naye azinduke. Huko ni kusinzia tu, na miaka inakwenda. Mwaka 2010 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima mama wa vijana na watu wazima wenye usonji wakakuta kotisoli, homoni ya msongo, iko chini kuliko ya mama wengine siku nzima. Kwa kawaida msongo huipandisha homoni hiyo; kushuka huku hudhaniwa kuwa ni alama ya mwili uliochoka kwa muda mrefu.

Juu ya uchovu huo kuna lawama. Wengi wakifika kwangu wameshaambiwa na wifi au mama mkwe kwamba wamembemenda mtoto, yaani walikutana na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa. Nalisema wazi, na baba akiwepo nalirudia: tendo la ndoa wakati wa kunyonyesha halileti usonji wala mtindio wa ubongo. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua, na urithi una nafasi kubwa. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia kabla, wakati au baada ya kuzaliwa, kwa mfano kwa kukosa hewa, manjano kali au malaria kali. Hata Marekani wataalamu waliwahi kudai ubaridi wa mama ndio unaozaa usonji, hadi Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye hali hiyo, alipoivunja hoja yao mwaka 1964. Nimeona mabega ya mama yakishuka akisikia hayo, na mara nyingi hapo ndipo machozi yanapotoka.

Kuzoea nako kuna kurudi nyuma. Mama aliyetulia miaka mitatu huumia upya siku watoto wa rika moja na wake wanapovaa sare za darasa la kwanza. Tusimwambie ajikaze. Tumfundishe mtoto kuonyesha picha ya kikombe akiwa na kiu, maana vurugu nyingi huanzia kwenye kushindwa kuomba. Tupange muda wa kulala usiobadilika. Na mama akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akiacha kula, au akisema heri afe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Baba, shangazi, bibi: gawaneni zamu za usiku. Anayeshika zamu alale chumba kimoja na mtoto, mama alale chumba kingine, mlango umefungwa.