Hewa ya kompresa: toa maji kwanza, ndipo uipashe moto

"Kaka, hita nimefunga, mbona rangi bado inatoka na vipele?" Fundi rangi mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, alinipigia simu akiwa amepaka mlango wa gari mara tatu. Nilipofika, nilikuta hita ya kupasha hewa ipo mdomoni mwa tenki la kompresa, chujio la maji limefuata, kisha bomba la chuma la mita 15 limepita ukutani mpaka chumba cha rangi.

Hita haitoi maji. Inayafanya yabaki mvuke, na mvuke unapita kwenye chujio bila kukamatwa. Hewa ikishapoa ndani ya lile bomba refu, maji yanarudi palepale karibu na bunduki ya kupulizia.

Na kwetu ziwani maji hayo si kidogo. Chukua asubuhi ya masika, nyuzi 25, unyevu asilimia 80: mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 18 hivi za maji. Kompresa ikibana mita 8 za ujazo ziwe 1, kuna karibu gramu 147 humo ndani. Hewa ikipoa kurudi nyuzi 25 inaweza kushika gramu 23 tu. Zaidi ya gramu 120 zinadondoka, na afadhali zidondokee kwenye tenki kuliko kwenye mlango wa mteja.

Kwa hiyo tulianza kwa kuipoza: bomba la shaba lenye mikunjo kati ya kompresa na tenki, feni ikilipulizia. Koki ya chini ya tenki inafunguliwa kila asubuhi na kila jioni. Chujio tulilihamishia mwisho wa bomba, hita ikaja baada yake. Hewa iliyokwisha kuacha maji, ukiitoa nyuzi 25 ukaifikisha 50, unyevu wake unashuka hadi kama robo, na haipoi sana inapotanuka kwenye bunduki. (Unyevu wa chumba chenyewe unahitaji dawa yake.)

Watu wengi hufunga hita yenye koili kubwa mno. Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1 na ushee. Bunduki inayotumia lita 300 kwa dakika inahitaji wati 130 tu kupandisha nyuzi 25. Hita ya wati 300 inatosha, hata ukihesabu joto linalopotea.

Lakini hita iwake pale tu hewa inapotembea, iwe na thamostati (kidhibiti joto), na ikae nje ya chumba chenye mvuke wa tina ya kuzimulia rangi. Nimeona kijana akichoma tenki kwa moto wa gesi ili "likauke". Tafadhali, usithubutu. Tenki lina presha, ndani yake kuna ukungu wa oili, na chuma chake huenda kimeshaliwa na kutu.

Mlango ule tuliupaka tena siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, ukatoka laini.