Kufungua valvu zaidi hakuongezi naitrojeni

Wapo wafungashaji wa karanga Tabora wanaoamini kwamba wakifungua zaidi valvu ya kutolea gesi kwenye mashine ya naitrojeni, gesi inayojazwa kwenye pakiti badala ya hewa ili karanga zisiharibike, watapata naitrojeni nyingi. Kinachoongezeka ni oksijeni. Mashine haiundi gesi: hewa iliyoshindiliwa, kwa kawaida kwa shinikizo la baa 7 hivi, hupita kwenye chembe za kaboni zinazonasa oksijeni na kuiacha naitrojeni ipite. Hewa ikipita mbio, oksijeni huponyoka na karanga huharibika ladha. Punguza valvu kidogo kidogo, kisha subiri kipima oksijeni kitulie, angalau dakika 15, kabla ya kuigusa valvu tena. Kumbuka Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kompresa, yaani mashine inayoshindilia hewa, hutoa hewa pungufu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibati chake. Vichujio vya hewa vimwagwe maji yaliyokusanyika ndani kila siku. Mafuta ya kompresa yakiifikia kaboni, huiua kabisa.