"Ni maoni yangu" haihamishi mlima

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Moshi, mtu akibanwa husema: "Hayo ni maoni yangu, yaheshimu." Wengi huamini kauli hiyo inafunga mjadala. Haifungi. Ukisema Kilimanjaro unapendeza zaidi ukiutazama kutoka Amboseli, Kenya, hayo ni maoni. Mwenyeji wa Marangu, upande wa Tanzania, atanuna tu (na ana haki). Ukisema mlima wenyewe uko Kenya, hilo ni dai, tena la uongo: kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko Tanzania. Dai hukaguliwa kwenye ramani, hata la mzee tunayemheshimu. Maoni nayo hayana kinga kamili. Sema Mlima Meru unamfaa zaidi mpandaji mgeni, nasi tutakuuliza kwa nini.