Mkarimu, mfadhili, mhisani na msamaria mwema: nani ni nani?

Jirani yetu alipochangiwa gharama za upasuaji wa mwanawe, daftari la michango nililishika mimi. Kijana wa bodaboda alitoa 2,000. Muuza mboga 5,000. Katikati ya ukurasa kuna mstari mmoja ulioandikwa "Msamaria mwema, 100,000". Mwenyewe alinipa noti zimekunjwa, akaniambia, "Jina langu usiliandike." Wote wale wametoa, ila Kiswahili hakiwaiti kwa jina moja.

Yule wa bodaboda ni mkarimu. Ukarimu ni tabia, haungoji mtu awe na fedha. Ndiyo maana wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wali umepikwa wa watu watatu, wa nne anapiga hodi, na sahani inasogezwa upande wake kabla hajaulizwa kama amekula: hapo ndipo neno hili lilipo hasa. Kinyume chake ni mchoyo, bahili, mkono wa birika. Neno takrima nalo limetoka kwenye shina hilohilo la Kiarabu. Tanzania iliiingiza kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Kwangu mimi ilikuwa haki ibatilishwe, maana anayekirimu ili apigiwe kura amekwenda sokoni.

Mfadhili ni habari nyingine. Anakusomesha, anagharimia mradi, anailisha timu kambini. Neno linatokana na fadhila, na fadhila hudaiwa. Sikiliza tunavyosema: "Amelipa fadhila", au kwa uchungu, "Yule hana fadhila", yaani amesahau aliyotendewa. Kwa hiyo kati ya mfadhili na anayefadhiliwa kuna uzi usiokatika upesi, na mfadhili asiye na staha huuvuta kwa masimango: "Mimi ndiye niliyekufikisha hapo." Msaada wa namna hiyo unaumiza kuliko kukosa.

Mhisani anatoka kwenye hisani, yaani wema. Ni neno lenye heshima, na mara nyingi humfaa anayewapa watu wengi asiowajua. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuuzia misafara ya bara mahitaji yake, alitoa jengo la shule ya watoto wa rangi zote mjini kwake, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1897, mwaka aliofariki. Hospitali ya Taifa Muhimbili inahesabu chimbuko lake hapo, na mpaka leo mgonjwa anaweza kulazwa jengo la Sewahaji bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu. Magazeti yetu yaliwahi pia kuzoea kuandika "nchi wahisani". Lakini mwaka 2014, kwenye sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, nchi hizo zilizuia fedha walizoahidi kwenye bajeti ya Tanzania. Huenda walikuwa na sababu nzuri. Ila anayeshika masharti mkononi namna hiyo namwita mfadhili.

Msamaria mwema ametoka kwenye Biblia, Luka sura ya 10, na sasa hata Waislamu wanamtaja bila kusita. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, na bado Msamaria ndiye aliyesimama njiani, akamfunga majeruhi jeraha zake na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za kumtunza. Uzito wa jina uko hapo: aliyesaidia hakuwa ndugu wala rafiki. Mjomba akikulipia ada, ni mjomba wako.

Mtoto alipotoka hospitali, mama yake aliniomba daftari ili apite kuwashukuru watu. Alikwenda na kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye ule, akaninyanyulia macho. Sikumtajia.