Je, wajua kwa nini rangi ya bahari iliyokutuliza Bagamoyo hukutia baridi Mbeya?

Mtu akitoka Mbeya kwenda Bagamoyo au Zanzibar, akalala siku mbili katika nyumba yenye kuta nyeupe, mapazia ya samawati na mikeka ya ukindu, hurudi nyumbani na tamaa moja: naye awe na sebule ya namna ile, tulivu, yenye hewa ya ufukweni. Hununua ndoo ya samawati, fundi hupaka mara mbili, na ifikapo Juni familia nzima huketi katika sebule hiyo ikiwa imejifunika mablanketi, ikishangaa kwa nini chumba kimekuwa kama jokofu. Nasema haya kwa sababu yalinipata. Fundi wangu alisimama mlangoni baada ya kumaliza kazi, akaitazama kazi yake mwenyewe kwa muda, kisha akasema, "Mzee, rangi hii inaita baridi." Rangi ilikuwa ileile niliyoiona Pwani, hata namba yake ya kuchanganyia haikubadilika. Kilichobadilika ni mwanga.

Ukuta hauna mwanga wake wenyewe. Hurudisha tu sehemu ya mwanga unaoufikia na kumeza sehemu iliyobaki. Ukiufikishia mwanga wenye umanjano utarudisha umanjano, na ukiufikishia mwanga wenye ubuluu utarudisha ubuluu huo, na zaidi kama rangi yenyewe ni ya samawati. Hewa huutawanya mwanga wa buluu takriban mara nne kuliko inavyoutawanya ule mwekundu, na ndiyo maana anga huonekana buluu mchana. Kwa hiyo chumba kisichofikiwa na jua lenyewe huangazwa na anga peke yake, na mwanga wake huwa na ubuluu. Wataalamu hupima umanjano au ubuluu wa mwanga kwa kelvini, kipimo ambacho kwa bahati mbaya huenda kinyume na matarajio ya wengi, kwa kuwa namba ikipanda, mwanga huonekana baridi zaidi, yaani wenye ubuluu zaidi: mshumaa una kelvini zipatazo 1,900, jua la adhuhuri 5,500, anga la mawingu mazito 6,500, na kivuli chini ya anga safi huweza kupita 8,000. Pwani, jua kali hupiga mchanga mweupe na kuta za chokaa, kisha huingia dirishani likitokea chini na pembeni, likiwa bado na joto lake. Samawati iliyomo chumbani hupunguzwa ubaridi na mwanga huo. Mbeya wakati wa masika, au Mufindi asubuhi ya ukungu, hakuna kitu cha kuupunguza ubaridi huo.

Hapa ndipo mashauri tunayosoma kwenye majarida ya nje yanapotupotosha kabisa. Yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nayo husema kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, hivyo kipakwe rangi za joto. Kwao ni kweli. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kati ya nyakati hizo mbili, yaani katika miezi yote ya kipupwe, adhuhuri hulikuta jua limeegemea kaskazini. Tarehe 21 Juni huwa juu ya upeo wa kaskazini kwa nyuzi zipatazo 58, kiasi cha kuingiza mwanga ndani ya chumba kwa saa kadhaa. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Mbeya mjini, dirisha linalotazama Mlima Loleza, ulio kaskazini mwa mji, ndilo la joto, na lile lililoupa mlima kisogo ndilo la baridi. Iringa, iliyo karibu nyuzi 8 kusini, kanuni ni hiyohiyo. Mtu anayefuata jarida la London neno kwa neno atapaka manjano katika chumba chenye jua, kisha atapeleka samawati katika chumba ambacho hakitaliona jua tangu Aprili hadi Agosti.

Tatizo huongezeka jioni. Mwaka 1819 mwanasayansi wa Bohemia aliyeitwa Jan Purkyně aliona kwamba maua mekundu yaliyong'aa mchana yalionekana meusi kulipopambazuka, ilhali majani na maua ya buluu yalionekana angavu zaidi. Sababu ni kwamba jicho lina chembe za aina mbili za kupokea mwanga, na zile zinazofanya kazi katika mwanga hafifu huvutwa zaidi na buluu na kijani kuliko wekundu. Ndivyo inavyokuwa sebuleni saa kumi na mbili jioni: kochi la kahawia na zulia lenye wekundu hufifia, huku ukuta wa samawati ukizidi kujitokeza. Umeme ukirudi, nao ukarudi kupitia balbu nyeupe ya kelvini 6,500, ambayo ndiyo imejaa madukani, chumba huendelea kuwa anga la mawingu hadi saa ya kulala. Kabla ya kulaumu rangi, ni vyema kujaribu balbu ya kelvini 2,700 au 3,000. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka upya.

Lakini je, Pwani yenyewe ilipakwa buluu? Nyumba za kale za mawe za Lamu, Zanzibar na Bagamoyo zilikuwa nyeupe ndani. Mawe ya matumbawe yalichomwa mpaka yakawa chokaa hai, yakatiwa maji, na chokaa hiyo ilipopakwa ilifyonza hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa madini yaleyale ya mwanzo, meupe, yasiyong'aa kama kioo. Juu kulikuwa na boriti za mikoko, mlangoni mbao nzito za rangi ya kahawia iliyokolea, sakafuni mikeka. Buluu ilikuwa nje, baharini na angani, ikionekana kwa kipande kupitia dirisha. Mgeni huondoka akiikumbuka buluu kwa sababu ilikuwa chache, naye akifika kwake huipaka kuta nne. Kwa maoni yangu, kosa kubwa katika nyumba zinazoitwa za kipwani liko hapo, katika vipimo, kuliko katika uchaguzi wa rangi zenyewe.

Tena utulivu hautegemei ubuluu kama tunavyodhani. Mwaka 1994 watafiti Patricia Valdez na Albert Mehrabian walichapisha utafiti kuhusu rangi na hisia za watu, na ulionyesha kwamba weupe wa rangi na ukolevu wake vina nguvu kubwa: rangi nyeupe-nyeupe hupendeza zaidi, na rangi iliyokolea husisimua zaidi. Maana yake ni kwamba rangi ya mchanga iliyopauka inaweza kumtuliza mtu kuliko samawati iliyokolea, na kijani cha majani makavu kikafanya kazi ambayo tulikuwa tumeipa bahari.

Lugha yetu, kwa bahati nzuri, imezoea kuziita rangi kwa vitu vya asili. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Manjano ni kiungo cha mboga, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Fundi akikuuliza unataka rangi gani, jibu la "rangi ya mchanga mkavu" humfikisha karibu zaidi kuliko jina refu lililoandikwa kwenye kadi.

Na mchanga huo si lazima utoke Bahari ya Hindi. Nyanda za Juu Kusini zina ufukwe wao: Matema, wilayani Kyela, ambako Ziwa Nyasa limelala kwenye mwinuko wa mita zipatazo 475, zaidi ya kilometa moja chini ya Mbeya mjini, na Milima ya Livingstone inashuka karibu kuingia majini. Anayesimama pale asubuhi ataona kwamba milima ya mbali ina ubuluu uliochanganyika na kijivu na kijani, wala si samawati ya kadi ya rangi. Kwamba mchanga una umanjano hafifu. Na kwamba vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyouzwa gulioni Lyulilo, vina wekundu wa udongo juu ya mwili mweupe-mweupe. Hiyo tayari ni nyumba nzima. Kuta zichukue mchanga, dari ichukue rangi ya maziwa badala ya nyeupe kabisa, mapazia au ukuta mmoja uchukue buluu ya mlima wa mbali, na chungu kimoja kilete wekundu kidogo. Kikapu cha milulu cha Iringa kikiwekwa pembeni hufanya kazi ileile ya mkeka wa ukindu.

Iringa mjini, penye jua zaidi na mawe makubwa ya kijivu kama Gangilonga, huweza kubeba rangi baridi kidogo; kijivu chenye ukijani hukaa vizuri katika chumba cha kaskazini. Mufindi, Njombe na Makete kijivu ningekiacha kabisa. Ukungu unakileta bure.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo hupuuzwa dukani. La kwanza ni majirani wa rangi. Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza aligundua kwamba weusi haukuwa na kasoro. Ulidhoofishwa machoni na rangi zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 akachapisha kanuni kwamba rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine mbali nayo. Sasa tuitazame nyumba ya kawaida ya Mafinga, ambako mbao za paina za Sao Hill ziko mlangoni, madirishani na pengine darini, zote zimepakwa vanishi na kugeuka manjano ya asali. Manjano hayo huusukuma ukuta wa kijivu upande wa pili, kwenye buluu. Mwenye nyumba aliyechagua kijivu cha wastani hujikuta na buluu ambayo hakuinunua. Dawa yake ni kuchagua kijivu chenye umchanga tangu mwanzo, au kuipunguzia vanishi ile umanjano.

La pili ni udogo wa kadi. Kipande chenye ukubwa wa kidole hupokea mwanga mara moja na kuurudisha, ilhali katika chumba mwanga hugonga ukuta mmoja, ukaenda wa pili, ukarudi wa tatu, na kila mara huongezewa rangi. Ndiyo maana rangi hukolea chumbani kuliko kwenye kadi. Afadhali kununua kopo dogo, kupaka mara mbili kwenye kipande cha ubao chenye upana wa nusu mita, kukiacha kikauke kabisa kwa kuwa rangi nyingi za maji hubadilika zikikauka, kisha kukiegemeza kwenye ukuta wa kusini na kukitazama asubuhi, alasiri, na usiku chini ya balbu itakayotumika. Hatua moja nyepesi kuliko ile uliyoipenda kwenye kadi kwa kawaida ndiyo sahihi.

Nje ya nyumba hesabu ni nyingine. Mionzi ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya iko kwenye mita zipatazo 1,700, hivyo rangi kali za nje huchujuka mapema. Zile zinazotokana na oksidi ya chuma, yaani nyekundu ya udongo, manjano ya udongo na kahawia, hustahimili miaka mingi, kwani ni madini yaleyale yaliyoupa udongo wetu wekundu. Masika yakianza, matone yataurusha udongo huo kwenye ukuta mweupe mpaka usawa wa goti. Mkanda wa rangi ya udongo chini ya ukuta huufanya usionekane.

Sebule yangu haikupakwa upya yote. Kuta tatu zilipata rangi ya mchanga, na samawati ilibaki kwenye ukuta mmoja tu, ule unaopigwa na jua la Juni kutoka upande wa Loleza.