Je, wajua kipunje chenye vitundu kinajuaje hewa ipi ikamatwe na ipi iachwe?

Kile kifuko kidogo ndani ya boksi la viatu vipya, kimeandikwa usile, si unakijua? Ukikipasua unakuta vipunje kama vya kioo, na kila kipunje kimejaa vitundu ambavyo jicho halivioni, mvuke wa maji ukipita hapo unanasa. Sasa vipunje hivyo vina ndugu zao wanaonasa hewa ukaa. Moshi wa mtambo wa makaa ya mawe una hewa ukaa kama asilimia 12 mpaka 15, iliyobaki nyingi ni naitrojeni, hivi kipunje kinazitofautishaje?

Wengi watakwambia ni chujio, kama unavyochuja tui. Hapana bwana. Molekuli ya hewa ukaa ina upana wa nanomita 0.33 na ya naitrojeni 0.36, yaani tofauti kiduchu, na milango ya zeolaiti, ndio hao ndugu wanaonasa hewa ukaa, ile aina iitwayo 13X, ni mipana karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo zote zinaingia bila hodi. Kazi iko kwenye kunata. Ndani ya zeolaiti kuna sodiamu yenye chaji chanya, na hewa ukaa ina oksijeni huku na huku, ncha zake zina uhasi kidogo, basi ikifika inaganda pale, wakati naitrojeni haina mvuto mkubwa hivyo inajipitia zake.

Siku hizi gumzo ni MOF, vyuma vilivyounganishwa kwa vijiti vya kaboni kama jukwaa la mafundi ujenzi, nafasi tupu kibao. Gramu chache tu, ukikunjua kuta zake zote unafunika uwanja wa mpira! Wanakemia Yaghi, Kitagawa na Robson walipewa Nobeli ya kemia 2025 kwa hizo.

Ila kunasa ni nusu ya kazi, lazima pia kipunje kiachie ili kitumike tena, unakipasha moto au unakivutia hewa nje, na kikinata sana basi gharama ya moto inakutoa jasho. Afu kuna maji, mimi naona hapa ndo kwenye kasheshe yenyewe, maana sodiamu inayapenda maji kuliko hewa ukaa na moshi una mvuke tele, viti vyote vinawahiwa. Ndo maana kwenye kituo cha anga cha kimataifa pumzi za wanaanga zinakaushwa kwanza ndo zinapelekwa kwenye zeolaiti.

Wakanada wa Calgary wakaja na CALF-20, MOF ya zinki ambayo hata kukiwa na unyevu wa kiasi bado inachagua hewa ukaa, ikajaribiwa kwenye kiwanda cha saruji huko Richmond, British Columbia. Na unajua wanaitoaje hewa ukaa ikishajaa? Wanaipulizia mvuke wa maji, uleule unaoishinda zeolaiti.