Je, wajua kwa nini kisomo cha watu wazima kinaweza kuanza bila a, e, i, o, u?

Mkaguzi akifika kwenye kisomo cha watu wazima, swali lake la kwanza linamfichua. Akiuliza "Wamefika herufi gani?", kwake kusoma ni herufi. Akiuliza kama mama yule sasa anaweza kuisoma mizani ya mnunuzi wa kakao, huyo anaamini kisomo chenye manufaa, fikra iliyoenezwa na UNESCO tangu miaka ya 1960 na ambayo serikali ya Uganda iliifuata katika mpango ulioanza mwaka 1992. Wa tatu ni msumbufu kidogo: "Tangu waanze kusoma, wamebadilisha nini kijijini?"

Swali hilo la tatu asili yake ni Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil. Mwaka 1963, mjini Angicos, mbinu yake ilitumika kuwafundisha vibarua wapatao 300. Mwaka uliofuata wanajeshi wakapindua serikali. Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Yeye hakuanza na herufi. Alianza na neno linalogusa maisha ya watu, wakalijadili, ndipo wakalikata silabi.

Jaribu na neno letu, maji. Badili irabu: ma me mi mo mu, ja je ji jo ju. Papo hapo umepata mama, mimi, moja.

Bundibugyo, wilaya ya Uganda chini ya milima ya Rwenzori, ni moja ya sehemu tatu duniani ambako shirika la ActionAid lilijaribu mbinu ya REFLECT kati ya 1993 na 1995, kwa kumfuata Freire. Katika mbinu hiyo hakuna kitabu cha mwanafunzi. Watu wanachora kijiji chao chini: majivu ni njia, vifuniko vya soda ni nyumba, jani ni kisima. Na hapo ubishi unaanza: "Mama, kisima umekisogeza kwako!" Wakishakubaliana, mchoro unahamia kwenye karatasi, na maneno yanaandikwa juu yake.

Sasa chukua viwango vya kumpima mwalimu. Kiwango kikitaka somo la tano liishe mwezi wa tatu, ubishi wa kisima ni kupoteza muda. Kikitaka mwalimu asikilize, ubishi ndio somo lenyewe. Kudai yote mawili kwenye fomu moja, kwa maoni yangu, ni kumtesa mwalimu, ambaye Uganda mara nyingi ni mtu wa kujitolea tu. Watu wamebishana saa nzima, na safu ya "mada iliyofundishwa" bado iko wazi. Aandike nini? Mimi ningeandika "maji".